Msiwanyamazishe Wanaolia Asubuhi ya Pasaka

Mama yetu tulimzika wiki tatu kabla ya Pasaka. Udongo wa kwanza ulipolidondokea jeneza, dada yangu mdogo akaangua kilio. Mhubiri aliyekuwa akiongoza ibada akainua mkono, akasema kwa sauti ya upole iliyobeba amri: "Nyamaza, binti yangu. Sisi ni watu wa ufufuo. Mkristo halii hivyo." Dada akajiziba mdomo kwa kiganja. Alibaki hivyo, mabega yakimtikisika, mpaka kaburi likajaa na watu wakaanza kutawanyika. Pasaka ilipofika tulikaa benchi la mwisho. Kanisa zima lilikuwa limesimama likiimba, naye akaniinamia sikioni: "Naona kama nimekosa imani. Siwezi kuimba."

Maneno yale ya kaburini hayajanitoka. Mhubiri hakuwa mtu mbaya. Alitaka kututia moyo, na alisema kile ambacho wengi wetu tumekisema msibani bila kukipima. Lakini tangu siku ile nimekaa na Maandiko muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumeigeuza Pasaka kuwa kitu kingine. Tumeifanya dawa ya kukausha machozi. Habari zenyewe za asubuhi ile zinaanza na mtu anayelia, na hakuna mahali anapokemewa.

Mstari unaotumika mara nyingi kuwafunga wafiwa midomo ni ule wa Paulo kwa Wathesalonike: "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Usomwe polepole. Waraka huo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, uliandikwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo, kwa kanisa changa lililoanza kuzika watu wake wakati lilikuwa likitazamia Bwana arudi upesi. Walikuwa na hofu ya kweli: je, hawa waliotangulia kufa wamekosa? Paulo anaijibu hofu hiyo, na uzito wote wa sentensi yake umekaa kwenye neno "kama". Hawakatazi kuhuzunika. Anasema huzuni yao isiwe ya namna ile ya mtu aliyefungiwa mlango kabisa. Ipo huzuni yenye tumaini na ipo huzuni isiyo na tumaini, na zote mbili ni huzuni. Anayeikata sentensi hiyo katikati akatuachia "msihuzunike" anamlisha Paulo maneno.

Tena Paulo huyohuyo aliwaandikia Warumi walie pamoja nao waliao. Rafiki yake Epafrodito alipougua nusura afe, aliwaambia Wafilipi waziwazi kwamba Mungu alimhurumia yule mgonjwa, akamhurumia na yeye Paulo, asije akapatwa na huzuni juu ya huzuni. Huyu ndiye mtu aliyeandika kwamba kufa ni faida. Hakuona haya kukiri kwamba kifo cha rafiki kingemvunja moyo.

Kuna tukio moja ambalo kwangu mimi linafunga mjadala. Lazaro wa Bethania yuko kaburini siku ya nne, na Martha anaonya kwamba sasa ananuka. Yesu anajua anachokwenda kufanya. Kabla ya kuondoka ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha. Ameshamwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Muda si mrefu Lazaro atatoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu. Kama yupo mtu aliyekuwa na haki ya kuwaambia waombolezaji wanyamaze, ni yeye, na pale ndipo mahali pake. Badala yake alipomwona Mariamu dada yake Lazaro akilia, na watu waliofuatana naye wakilia, aliugua rohoni, akauliza wamemweka wapi. Kisha Yohana anaandika: "Yesu akalia machozi."

Aliyejua kwamba kaburi linakaribia kufunguka alilia hata hivyo. Hatuwezi kusema alikosa imani. Alilia kwa sababu kifo ni kibaya, na ubaya wake hauondoki kwa kuwa kitashindwa. Paulo anakiita kwa jina lake: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Ninaposikia msibani kwamba Mungu alimpenda marehemu kuliko sisi ndiyo maana akamchukua, nasikitika, hasa pale maneno hayo yanapoambiwa mtoto. Tunamfundisha kwamba Mungu na mauti wako kambi moja. Pasaka inamweka Mungu kambi ya pili, upande wa yule anayelia, akipigana na mauti mpaka yaachie.

Sasa tuje kaburini kwenyewe. Yohana anasimulia kwamba Mariamu Magdalene alikwenda alfajiri, kungali giza bado. Akaona jiwe limeondolewa, akaenda mbio kuwaita Petro na mwanafunzi mwingine. Wale wawili wakaja wakikimbizana, wakaingia, wakaviona vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso iliyokuwa kichwani imezongwa mahali pake peke yake. Kisha wakarudi nyumbani. Mariamu akabaki. Wanaume walikwisha kukagua na kuondoka. Yeye alisimama nje ya kaburi akilia, na kwa kuwa alibaki akilia, akawa wa kwanza kumwona Bwana. Ukimwondoa yule mwanamke pale kwa kumwambia akajitulize nyumbani, umeivunja hadithi.

Malaika wawili wanamwuliza, na baadaye Yesu mwenyewe anarudia swali lilelile: "Mama, unalilia nini?" Ni swali, na ni swali ambalo mfiwa hulitamani, kwa sababu linamfungulia kusema. Mariamu anasema yote aliyo nayo. Wamemwondoa Bwana wangu, wala sijui walikomweka. Anamdhania Yesu kuwa mtunza bustani, anamsihi amwonyeshe mwili ulipo ili akauchukue. Mwanamke mmoja anajitolea kubeba maiti ya mtu mzima! Huzuni haipigi hesabu ya uzito. Na kilichomfumbua macho hakikuwa hoja wala somo. Yesu alimwita kwa jina: "Mariamu."

Jioni ya Pasaka ile ya mwaka wa msiba, mama mmoja mzee wa kanisani alikuja nyumbani. Hakuja na mstari wa kusoma. Aliketi karibu na dada yangu, akamshika mkono, akakaa kimya kwa muda, ndipo akauliza: "Mwanangu, unalilia nini hasa?" Dada akasema analilia kidole cha mama. Mama yetu alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda kidogo kwa jeraha la utotoni, na kila alipokuwa akimsuka dada nywele, kidole hicho kilipita nyuma ya sikio lake kwa namna yake, kwa kukwaruza kidogo. Hakuna mkono mwingine duniani uliokuwa na mguso ule. Yule mama mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hata hicho kidole, Mungu hajakisahau." Dada alilia tena, safari hii bila kujiziba mdomo.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ufufuo, na sijakuta maelezo yaliyokigusa kiini kama lile neno la jioni. Tumaini la Pasaka ni tumaini la mwili. Hapa ndipo wengi wetu tumepotea huku tukidhani tuko njiani. Tukiulizwa tunaamini nini juu ya wafu, tunajibu kwamba roho huenda mbinguni, basi. Jibu hilo lingewaridhisha wengi wa wasomi wa Kigiriki wa kale, waliofundisha kwamba roho ni bora na mwili ni gereza lake. Kitabu cha Matendo kinaeleza jinsi watu wa Athene walivyomsikiliza Paulo kwa utulivu mpaka alipotaja ufufuo wa wafu. Hapo wengine wakadhihaki. Angewaambia kwamba roho haifi, wasingeona cha kucheka. Kilichowashinda ni Mungu anayeutaka mwili urudi.

Tumaini hilo lina historia, na halikutungwa na watu walioshiba wakitafuta faraja. Lilikomaa kwa Wayahudi waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya imani. Danieli anasema habari za wengi walalao katika mavumbi ya nchi watakaoamka. Kitabu cha pili cha Makabayo, kinachosomwa katika Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi, kinasimulia ndugu saba walioteswa hadi kufa mbele ya mama yao katika enzi ya mfalme Antioko. Wa tatu alipotakiwa, alitoa ulimi na kuinyosha mikono yake bila woga, akasema viungo hivyo alivipata kutoka mbinguni na anatumaini kurudishiwa kutoka huko. Alitaja viungo vilevile vilivyokuwa karibu kukatwa. Kwake, haki ya Mungu isingetimia kama ingemwachia mfalme ile mikono.

Watesi walilielewa jambo hili kuliko baadhi ya wahubiri wetu. Mwaka 177 Wakristo wa Lyon na Vienne, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, walikamatwa na kuuawa kwa ukatili, miongoni mwao mtumwa mmoja mwanamke aitwaye Blandina. Barua ya walionusurika imehifadhiwa na mwanahistoria Eusebius. Inasema miili iliachwa wazi siku sita, kisha ikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Rhone. Sababu imetajwa katika barua: wauaji walitaka kuwanyima wafu tumaini la ufufuo, kwa kuwa waliona tumaini hilo ndilo linalowafanya watu hawa wasiogope kufa. Walidhani Mungu atashindwa kukusanya majivu mtoni. Walikosea kuhusu Mungu, lakini kuhusu Wakristo walikuwa sahihi. Hawakupambana na wazo la roho kuruka juu. Walipambana na watu walioamini kwamba miili ile iliyodharauliwa itasimama.

Kusimama ndilo neno lenyewe. Kigiriki cha Agano Jipya huuita ufufuo *anastasis*, kusimama tena kwa aliyekuwa amelala chini. Kiswahili nacho kina utajiri wake. Tega sikio katika neno "fufua": ndani yake unasikia kufa, na mwishoni unasikia ule mnyambuliko wa kutendua tunaousikia katika funga na fungua, ziba na zibua, fukia na fukua. Kwa masikio yangu, kufufua ni kukitendua kifo, kukirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka kiachie kilichokishika. Si kukipamba, na si kukiita jina zuri.

Lakini angalia Mungu alivyokitendua. Wiki moja baada ya Pasaka, Yesu anamwambia Tomaso alete kidole chake na mkono wake, aguse palipopigwa misumari na ubavu uliochomwa mkuki. Mwaka 1968, katika kaburi la karne ya kwanza kaskazini mwa Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mfupa wa kisigino cha mwanamume aliyesulubiwa, na msumari wa chuma bado umeng'ang'ania humo, ncha yake imejikunja. Anayeuona mfupa ule, hata katika picha, haongei tena kirahisi kuhusu makovu. Aliyeweza kumrudishia Yesu uhai alishindwa nini kuyafuta? Hakuyafuta. Mwili uliofufuka unaingia chumba kilichofungwa milango, haushikwi tena na mauti, na bado una alama za Ijumaa Kuu.

Hapo ndipo naona kosa kubwa la mahubiri yanayotaka wafiwa waruke moja kwa moja kwenye shangwe. Yanahubiri ufufuo uliofuta msalaba. Injili zinahubiri aliyesulubiwa kwamba ndiye aliyefufuka, na huwezi kumtambua bila majeraha yake. Kama yeye mwenyewe hakuona aibu kuja mbele ya rafiki zake na makovu, kwa nini mjane aone aibu kuja kanisani na macho mekundu?

Tumeisahau pia Jumamosi. Kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka kuna siku nzima ambayo Injili karibu zinyamaze juu yake. Luka anatuambia tu kwamba wale wanawake walistarehe siku ya sabato kama ilivyoamriwa. Walikuwa wameshaandaa manukato ya maiti. Hawakuwa wanasubiri ufufuo. Mathayo anaongeza jambo linalonishtua kila ninapolisoma: siku ile waliokumbuka kwamba Yesu alisema atafufuka baada ya siku tatu ni makuhani wakuu na Mafarisayo, waliokwenda kwa Pilato kuomba walinzi. Wapinzani ndio waliokumbuka ahadi. Marafiki walikuwa wamezidiwa na majonzi, na Yesu hakuwaacha kwa sababu hiyo. Wafiwa wengi hukaa katika Jumamosi hiyo miezi, wengine miaka. Kanisa linalokwenda mbio kutoka msalabani hadi kwenye kaburi tupu halina mahali pa kuwaweka watu hawa.

Hata asubuhi ilipofika, furaha haikuja kama taa inavyowashwa. Baadhi ya nakala za kale za Injili ya Marko, zikiwemo zile mbili mashuhuri za karne ya 4, zinakomea kwenye sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa tetemeko na ushangao, "wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa." Luka anasema mitume waliposikia habari waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuzi. Na wale wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea na Mfufuka mwenyewe bila kumjua, wakimsimulia jinsi matumaini yao yalivyokufa: nasi tulikuwa tukitumaini kwamba yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. "Tulikuwa tukitumaini" ni maneno mazito kuliko "hatukutumaini". Yesu aliwaacha wayaseme. Aliuliza, akasikiliza, na baada ya hapo ndipo akafundisha.

Wapo watakaouliza kama haya yote si simulizi tu za watu waliohitaji kufarijiwa. Ni swali la haki, na nina sababu mbili za kutolikubali jibu hilo. Ya kwanza ni hao wanawake. Mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus, wa karne ya kwanza, anaandika kwamba ushahidi wa mwanamke usipokelewe. Katika karne ya 2 mpinzani wa Ukristo aitwaye Celsus aliudharau ufufuo kwa hoja kwamba shahidi wake ni mwanamke aliyepagawa. Mtu anayetunga habari ili aaminiwe hachagui mashahidi ambao mahakama haitawasikiliza. Injili zote nne zimewaweka wanawake mbele kwa sababu, naamini, ndivyo ilivyokuwa. Ya pili ni orodha ya Paulo katika 1 Wakorintho 15. Waraka huo uliandikwa katikati ya miaka ya 50, na Paulo anasema anawapa kile alichopokea yeye: Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja ambao wengi wao wanaishi hata sasa, kisha Yakobo, kisha mitume wote. Anaposema wengi wao wanaishi, anawaambia wasomaji waende wakaulize. Na Yakobo, kama ndiye yule ndugu yake Bwana, alitoka katika familia ambayo Yohana anasema ndugu zake hawakumwamini.

Paulo hakujiachia pa kukimbilia. Kama Kristo hakufufuka, anasema, "kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure." Anaongeza kwamba kama katika maisha haya tu tumemtumaini Kristo, "sisi tu maskini kuliko watu wote." Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaoifanya Pasaka kuwa mfano tu, kwamba kila usiku una mapambazuko, kwamba wema hauzikwi. Hiyo ni methali nzuri, lakini haiwezi kusimama kando ya jeneza. Wala siwezi kukubaliana na mahubiri yanayofufua biashara, ndoa na akaunti za benki Jumapili ya Pasaka huku wafu wakiachwa makaburini mwao. Mungu anahusika na riziki zetu, sina shaka. Lakini aliyefiwa na mtoto hawezi kuambiwa kwamba habari njema ya siku hiyo ni kupandishwa cheo.

Sasa, je, tumaini hili la mwisho halituzubaishi tukasubiri ya mbinguni? Soma ile sura ya 15 hadi mwisho wake. Paulo anapanda juu kwa mistari 57: limbuko, parapanda, mauti kumezwa kwa kushinda. Mtu angetegemea amalizie kwa kuwaambia watazame mawinguni. Anamalizia kwa kuwaambia waimarike, wazidi kutenda kazi ya Bwana, "kwa kuwa mwajua ya kwamba taabu yenu siyo bure katika Bwana." Na mstari unaofuata, unaofungua sura ya 16, ni habari ya changizo. Kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu. Waliogawanya Biblia kwa sura, karne nyingi baadaye, walituwekea ukuta hapo katikati. Paulo hakuwa nao. Kwake, parapanda ya mwisho na mfuko wa sadaka viko katika pumzi moja. Kama miili hii itafufuliwa, basi mwili wenye njaa leo si kitu cha kupita.

Hivyo ndivyo kanisa la kale lilivyojulikana na majirani zake. Kaisari Julian, aliyeuacha Ukristo akataka kuirudisha miungu ya Kirumi, alimwandikia kuhani wake mmoja karibu mwaka 362 akieleza kilichoikuza imani hiyo aliyoichukia. Alitaja ukarimu wao kwa wageni, na jinsi wanavyoyatunza makaburi ya wafu. Adui hakusema wanakana kifo. Alisema wanawatunza wafu wao. Hata mahali pa kuzikia waliita kwa Kigiriki mahali pa kulala, kwa kuwa anayelala hutazamiwa kuamka. Nasi Waswahili tunamwita aliyefariki marehemu, yaani aliyerehemewa, na sijui kama tunapolitamka tunakumbuka kwamba tumeshaomba dua ndani ya neno moja.

Yerusalemu kuna kanisa ambalo Kaisari Konstantino alilijenga, likatabarukiwa mwaka 335, juu ya mahali panapoaminiwa kuwa ndipo Yesu alipozikwa. Wakristo wa Magharibi huliita Kanisa la Kaburi Takatifu. Wa Mashariki huliita Anastasis, Kanisa la Ufufuo. Jengo ni moja, jiwe ni lilelile, na mtu anayeingia kwa mlango wa ufufuo hujikuta ameinama mbele ya kaburi. Nalipenda kwa sababu hiyo.

Miaka kumi kabla ya kutabarukiwa kwake, maaskofu walikutana Nikea. Wengi wanaukumbuka mtaguso ule wa mwaka 325 kwa kanuni ya imani, na kwa uamuzi kwamba makanisa yote yaadhimishe Pasaka siku moja, jambo ambalo hadi leo kalenda mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, hutuzuia kulitimiza miaka mingi. Wachache wanaikumbuka kanuni yake ya mwisho, ya 20. Iliagiza kwamba siku za Jumapili na katika siku zote za kuelekea Pentekoste watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Walikuwa wakisali kwa miili yao. Walisimama kwa sababu Kristo amesimama. Nimewahi kuwaza kuhusu waliofiwa katika makanisa yale, jinsi magoti yao yalivyokuwa yakiwalegea, na jirani akiwashika kiwiko ili wasimame pamoja na wengine. Kanuni haikuwaambia wasilie. Iliwaambia wasimame, na mtu aweza kusimama huku analia.

Kwaresima ina siku 40, na tunazijua vizuri. Tunazihesabu, tunafunga, tunajinyima. Pasaka ina siku 50, hadi Pentekoste, nasi huimaliza Jumatatu ya Pasaka jioni, viti vinapopangwa upya. Siku hizo zingeweza kufanya kazi. Ningependa Jumapili ya Pasaka, mshumaa mkubwa ukiwa umewaka na tarakimu za mwaka zimechorwa ubavuni mwake, tuyasome majina ya wote tuliowazika tangu mshumaa wa mwaka jana ulipowashwa. Tuyasome kwa sauti, jina moja moja, maana Mfufuka alijitambulisha kwa Mariamu kwa kumwita jina. Atakayelia aachwe alie. Kisha watu wagawane nyumba, wawili wawili kama wale wa Emau, waende wakae na wafiwa, wawaulize wanalilia nini, na wasiondoke kabla hawajajibiwa. Siku hamsini zinatosha kuzifikia nyumba zote.